Jogoo wa Djaouharia na Kisu Kisichofunguka

Kwako Bi Rahmati, mshauri wetu,

Nakusalimu kwa heshima zote, na baada ya salamu nakuomba unisaidie kabla sijaandika barua nyingine, ya talaka, maana hiyo naiona iko karibu na kalamu yangu kuliko hii, na kama Kiswahili changu kina makosa unisamehe, nilikipata Unguja nilipokwenda kusoma kwa masheikh, na sasa nakisikia redioni tu.

Mimi ni mwalimu wa Kurani, kwetu mwalimu wa namna hiyo huitwa fundi, nimezaliwa hapa Mutsamudu lakini nimeoa Moroni, mtaa wa Magoudjou, na kama unavyojua mila yetu nyumba ni ya mwanamke, baba humjengea binti yake na mume huingia na nguo zake na vitabu vyake basi, nami niliingia hivyo nyumbani kwa Mouzdalifa na sijawahi kuona aibu kwa hilo, kwa sababu mtaani nilikuwa na heshima yangu mwenyewe. Kwetu mwanamke hachinji, hata kifaranga, akiwa na kuku wake hutoka naye kwapani akatafute mwanamume wa kumchinjia, na Magoudjou mwanamume huyo nilikuwa mimi. Wananijia baada ya alasiri, "Fundi, nichinjie," nami natoa kisu changu cha kukunja mfukoni mwa kanzu, natia ukucha wa gumba kwenye kile kijishimo cha ubapa, kak, kimefunguka, kibla, bismillahi, na mama wa watu anarudi nyumbani akiniombea dua. Jambo dogo, utasema, lakini mtu wa kuja ana mambo mangapi makubwa katika mji wa wenyewe?

Basi mwaka jana, tangu serikali ianze kuhamia Moroni kutoka kisiwa kingine malori yamejaa barabarani, lori moja lilituletea saruji ya kukarabati msikiti, nikakunja mikono ya kanzu nami nishushe mifuko kama wenzangu, pini ya mlango wa nyuma ikachomoka na lile bao la chuma likaniangukia mkono wa kulia. Daktari alinishona akaniambia nishukuru mkono upo. Nashukuru, lakini gumba halikunjiki tena, limesimama kama kijiti, na kidole cha shahada hakina nguvu hata ya kubana punje ya mchele. Kula nakula, kalamu naishika kwa vidole vilivyobaki, kilemba nafunga, lakini kisu, Bi Rahmati, kisu! Ukijaribu kwa mkono wa kushoto kile kijishimo kiko upande wa pili, ukucha unateleza, springi ni ngumu, nimekitia kwenye ufa wa mlango, nimekishindilia sarafu, siku moja nimekivuta kwa meno mbele ya akina mama wawili na kipande cha jino kikabaki kwenye ubapa. Wanafunzi wangu waliinamisha vichwa kwenye misahafu, lakini mabega yao niliyaona yakitikisika.

Mke wangu akaanza kunifungulia. Aliponiona natia mkono mfukoni alinyoosha kiganja tu, "Leta, Fundi," na kak, kwa ukucha wa kike, na kila nikisikia ile kak damu ilinipanda kichwani. Nikamwambia usinifungulie tena, mimi si mtoto wako. Siku moja nikiwa bangwe, pale uwanjani wanapokaa wanaume, shemeji yangu Mroudjae, kaka yake Mouzdalifa, alinipokonya kisu mkononi akakifungua akasema kwa sauti, "Mpeni mtoto kisu chake, ila mwangalieni asijikate," na watu wakacheka mpaka wakajipangusa macho. Tangu siku hiyo nikiona mwanamke na kuku nasema nina homa, au nakimbilia msikitini wakati si wa sala, na wanawake wa Magoudjou wakawa wanapeleka kuku wao mtaa wa pili. Hiyo haikuniuma? Iliniuma kama jipu.

Sasa sikiliza lililonifikisha huku. Jirani yetu Djaouharia ana binti, mwanafunzi wangu, mwenye kichwa chepesi kuliko wavulana wote, amehitimu Kurani, na mama yake, ambaye ni mjane, akaalika watu wa mtaa waje wale wali. Asubuhi akaniletea jogoo mkubwa mwekundu aliyemlea kwa ajili ya siku hiyo. Ningemkimbiaje mama wa mwanafunzi wangu? Nikamwambia subiri uani, nikaingia chumbani, nikahangaika na kile kisu mpaka ukucha ukang'oka, damu, jasho, nikakitupa ukutani kwa hasira nikakaa kitandani. Niliposikia kimya cha ghafla nikatoka, nikamkuta Mouzdalifa amekiokota, amekifungua, jogoo ameelekezwa kibla, Djaouharia kashika miguu, mke wangu akasema bismillahi Allahu akbar, kisu kikapita mara moja na damu ikaruka. Kisha akaosha kisu, akakifunga, akanirudishia. Eti, "Chukua, Fundi, kazi imekwisha." Kazi ya nani?

Mchana wanaume wamekaa, masinia yamefika, na habari ikafika pamoja na masinia kwamba jogoo kachinjwa na mwanamke. Mikono yote ikarudi nyuma. Mroudjae akanigeukia mbele ya wote, "Shemeji, wewe ndiye fundi wetu. Nyama hii inaliwa au ni nyamafu?" Nami, kwa uchungu niliokuwa nao, nikajibu, "Muulizeni aliyechinja." Basi. Wakainuka mmoja mmoja, wali ukamwagwa, na yule binti alikuwa mlangoni na nguo zake mpya. Niliporudi nyumbani nilikuta vitabu vyangu na kanzu zangu ndani ya kikapu kizingitini, na Mouzdalifa akaniambia, bila hata kupandisha sauti, "Nyumba ni yangu na ulimi ni wako. Nenda nao." Mimi! Mwanamke anitoe mimi! Nikapanda chombo nikaja kwa mama yangu.

Mama ananiambia nimwache, ataniozesha binti wa mtaa wa Hombo mwenye adabu. Mimi nasema mke aliyemvunjia mumewe heshima mara mbili kwa siku moja, kwanza kwa kisu na pili kwa kikapu, hastahili kungojwa. Lakini usiku silali, na kila ninapoandika neno talaka nachana karatasi, sijui kwa hasira au kwa nini. Nimpe talaka yake kwa barua, au niwaite wazee wake wamkanye kwanza? Nijibu upesi.

Fundi aliyedhalilishwa, Mutsamudu

*

Fundi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma. Mara ya pili niliibwaga mezani, na mpaka sasa naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo usitarajie maneno ya asali.

Huruma nakupa kwanza, maana ni haki yako. Umeumia ukishusha saruji ya msikiti, si ukiiba. Mtu aliyezoea mkono wake miaka yote akaamka siku moja haumtii, anaumwa mahali ambapo daktari hashoni. Na huyo Mroudjae aliyekufanyia mzaha mbele ya watu ni mtu hovyo, mwambie nimesema. Haya, huruma imekwisha.

Umenijazia karatasi, umenieleza gumba, jino, ufa wa mlango na kikapu, lakini kuna swali moja hukuniuliza. Hukuniuliza kama nyama ile ilikuwa halali. Kwa nini hukuuliza, Fundi? Kwa sababu unajua. Mimi ni mwanamke wa kuandika gazetini, sikusoma kwa masheikh, na hata mimi najua kwamba katika madhehebu yetu mwanamke Mwislamu akichinja sawasawa, nyama yake inaliwa. Kwamba kwenu hachinji ni mila, nanyi na mila zenu, lakini mila haigeuzi jogoo akawa nyamafu. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba alielekezwa kibla, kwamba bismillahi ulisikia, kwamba kisu kilipita mara moja. Umetoa ushahidi wote wa upande wa mkeo, kisha unataka nimhukumu!

Watu wale walikuuliza wewe. Hawakumuuliza imamu, hawakumuuliza mzee yeyote, walimuuliza fundi wao. Neno moja tu, "Inaliwa," na mikono ingerudi kwenye sinia. Ukalimeza. Mjane kamwaga chakula alichojikamulia, binti aliyehitimu kwa mkono wako kasimama mlangoni anatazama wageni wakiondoka, mkeo kageuzwa mlisha watu haramu mtaa mzima, ili wewe upoze uchungu wa kidole. Unalalamika kwamba umevunjiwa heshima mara mbili kwa siku moja. Mimi nimehesabu watatu uliowavunjia wewe, kwa maneno mawili, na umekaa.

Tena usiniambie ulikasirika kwa sababu ya mila. Ulikasirika kwa sababu alikifungua. Mwanamke yule hakukucheka hata siku moja. Alikunyooshea kiganja kimyakimya ili watu wasijue, wewe ukamnyamazisha, na walipokuja kujua ukamwacha peke yake mbele yao. Mficha maradhi kilio humfichua, na wewe umefichuliwa mbele ya masinia.

Sasa mkono. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kwanza acha meno, utabaki kibogoyo na kisu hakitafunguka. Kwa kuwa uko Mutsamudu, nenda hospitali hapo Hombo, badala ya kwenda Hombo kuchumbia, uwaulize kama gumba hilo linaweza kufanyiwa mazoezi, maji ya moto na kufinya donge la unga kila siku, maana kuna vidole vilivyolegea baadaye na vingine havikulegea, na hutajua kwa kununa. Kisha mtafute mhunzi, mwambie atoboe tundu dogo karibu na mgongo wa ubapa, karibu na ncha, upitishe kitanzi cha ngozi. Mpini utaubana magotini na kitanzi utakivuta kwa kidole chochote kinachokutii. Dondosha mafuta ya nazi kwenye bawaba, springi imekauka, nina hakika, wanaume mnanoa tu hamtii mafuta. Ukitaka tiba ya haraka, kabla hujakifunga weka kipande cha kizibo cha chupa kwenye mfereji wa mpini, ubapa usizame wote, upate mahali pa kushika. Na kama yote haya ni mazito, achana na kisu cha kukunja kabisa. Nunua kisu cha kawaida chenye ala, ukivae kiunoni chini ya kanzu, hakuna cha kufungua wala cha kukunja. Ukilazimika kuchinja kwa kushoto, chinja, una udhuru, na hilo nalo unalijua. Ona ilivyokuwa rahisi. Kichwa chako kingeweza kuyafikiria yote haya kama usingekijaza kinyongo.

Talaka hutaandika. Wazee wake hutawaita wamkanye, watamkanya kwa lipi? Mama yako mwambie asante, mke unaye kama bado anakutaka.

Utapanda chombo urudi Moroni, ufike kabla ya Ijumaa, ulale msikitini au kwa rafiki. Kwa mkeo usiende kwanza. Baada ya sala ya Ijumaa utakwenda bangwe, wakiwa wamekaa walewale, na Mroudjae akiwapo, usimame useme: "Nyama ya Mouzdalifa ilikuwa halali, na nilijua siku ileile." Maneno hayohayo. Usitie "labda," usitie "nilikuwa naumwa," usilete hadithi ya lori. Watacheka? Wacheke. Umeshachekwa kwa jambo lisilo kosa lako, utastahimili kuchekwa kwa lililo kosa lako.

Ukitoka hapo utampelekea Djaouharia jogoo, mkubwa kama yule au kumzidi, na utamwomba radhi binti yake mbele ya wanafunzi wenzake. Mwalimu akimkosea mwanafunzi hadharani hamwombi radhi uchochoroni.

Kisha ndipo uende kwa Mouzdalifa. Na kikapu chako ukiache nje. Piga hodi kama mgeni, maana ndivyo ulivyo sasa, mila yenu hiyohiyo unayoitetea inasema nyumba ni yake. Usitume mshenga, usimpeleke kaka yake, usimsomee aya za utiifu wa mke, utaniudhi hata mimi niliye mbali. Akikufungulia, ingia, na siku ya kwanza msikilize yeye tu. Asipokufungulia, usigombe na mlango. Kaa papo hapo kizingitini penye macho ya majirani, mpaka jua lizame, na kesho urudi.

Kalamu ya talaka iko mkononi mwako, hilo sikatai. Lakini kama Ijumaa itapita na hujasimama bangwe, usiandike hiyo barua wala usiniandikie mimi tena. Yeye hatakuwa na haja nayo. Atakuwa amekwisha kukuacha, na Magoudjou nzima itasema ana haki.

Bi Rahmati