Uso Ulio Kwenye Kitambulisho

Jumanne, 3 Machi 2009
Soko la Isinya tangu asubuhi. Mbuzi tisa. Kichwa kinauma kama kila siku. Viatu nilivyonunua Idi havinitoshi tena. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, miguu inakua kama ya mtoto. Binti yangu Fardosa anacheka. Mimi sicheki.

Alhamisi, 12 Machi
Nimekaa kituo cha polisi saa nne nzima. Askari wa barabarani aliangalia kitambulisho, akaniangalia. "Huyu si wewe. Ulivuka mpaka lini?" Mimi! Msomali wa Kenya, mzaliwa wa Garissa! Aliyenitoa ni Mama Nasieku, Mmaasai ninayeuza naye mbuzi. Aliwapigia kelele mpaka wakachoka.
Nyumbani nikajitazama kwenye kioo. Pua imepanuka. Taya limetoka mbele. Kinachoniuma zaidi: ile picha kweli haifanani nami.

Jumatatu, 16 Machi
Ofisi ya vitambulisho, Kajiado. Naomba kipya chenye picha mpya. Karani anataka wazee wa kuthibitisha kuwa mimi ni Mkenya, anataka vyeti vya marehemu baba. Hata kiti sikupewa. Shemeji Abdi anasema nifunike uso, shida iishe. Nimemwambia afunike wake.

Jumatano, 18 Machi
Kliniki tena. Miaka mitatu wananipa dawa za maumivu. Eti mawazo. Eti umri. Leo kulikuwa na daktari mgeni, kijana mwembamba. Alishika vidole vyangu, akauliza kama pete zinaingia. Haziingii. Akaomba picha ya zamani. Nikampa kitambulisho, nikangojea matusi.
Aliangalia sana. "Ni wewe, mama," akasema. "Huu ni ugonjwa."
Nililia mbele yake. Kwa hasira. Miaka mitatu, na kumbe ilitosha mtu kuniangalia.

Jumanne, 31 Machi
Nairobi. Kichwa kimepigwa picha. Kuna uvimbe kwenye tezi ndogo chini ya ubongo. Si saratani, lakini ndio unaonikuza hivi. Watautoa kupitia puani, kwa kamera nyembamba kama mrija wa soda. Hawapasui kichwa. Abdi anasema nimedanganywa, hakuna operesheni ya pua inayofika kwa ubongo. Amekuwa daktari tangu lini? Nimetia sahihi mwenyewe.

Jumatano, 15 Aprili
Uvimbe umetoka. Pamba puani. Napumulia mdomo, koo limekauka. Nimekatazwa kupenga kamasi. Nilimuuliza daktari uso wangu utarudi lini. Nyama zitapungua, alisema, mifupa itabaki ilivyo.
Kwa hivyo taya hili sasa ni langu. Wangeniangalia mapema, ningebaki na lile lingine. Siwasamehe.

Alhamisi, 21 Mei
Karani alisoma barua ya daktari mara mbili. Mama Nasieku alikaa kando yangu, amekunja mikono. Nikapigwa picha mpya.
Tangu operesheni nimeswali nikiwa kwenye kiti, maana kuinama kulikatazwa. Juzi daktari aliniruhusu. Leo alasiri niliweka paji la uso kwenye mkeka. Hapakuuma popote. Nikakaa hapo kidogo kabla ya kuinuka.