Waseme Halali Nje

Jumatatu, 4 Machi 1996

Nimeudanganya ukoo mzima. Tangu daktari wa Homa Bay aseme kooni ni saratani, mwanangu Ochieng anataka nihamie kwake mjini, karibu na hospitali. Nakataa kwa kusema baba Mjaluo halali katika nyumba ya mwanawe. Wazee wanatikisa vichwa kwa heshima. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini, tena nikahubiri dhidi ya mila hizo hizo!

Uongo mtupu. Siendi kwa sababu ya mbwa.

Uji nusu kikombe. Mbwa mwenyewe, Waseme, alilamba uliobaki.

Jumatano, 6 Machi

Nimeanguka nikienda chooni. Nilikaa chini kama gunia la mahindi. Waseme alibweka mpaka Akinyi, mke wa Ochieng, akaja mbio kutoka shambani. Nyumba yake iko humu bomani. Mumewe huja mwisho wa mwezi. Alinikokota hadi mlango wa chumba changu, akasimama hapo. Mke wa mwana haingii chumba cha baba mkwe, wala hagusi kitanda chake.

Niliingia kwa magoti. Yeye upande ule analia, mimi upande huu natukana. Mila niliyojikingia ndiyo iliyoniacha sakafuni. Nastahili.

Ijumaa, 8 Machi

Akinyi alikuja na jirani mwenye nyundo. Kwanza alimtuma jirani chumbani peke yake. Kitanda kikatoka vipande vipande, kikaungwa sebuleni.

"Baba, hiki si kitanda tena," akasema Akinyi. "Ni kiti kirefu."

"Na godoro?"

"Mto wa kiti."

Jirani alicheka hadi akashika ukuta. Sasa Akinyi ananigeuza, ananiosha, ananinywesha uji kwa kijiko. Waseme yuko chini ya kiti. Jirani alitaka kumtoa: mbwa ndani ya nyumba ya mzee wa kanisa! Nikamwambia atoke yeye.

Marehemu mke wangu ndiye aliyempa jina hilo. Wanawake walimsengenya kwa kubeba mtoto wa mbwa mgongoni, kwa leso, kama kichanga. Basi kila jioni akasimama uani akaita kwa sauti: Waseme! Waseme! Walielewa.

Jumamosi, 9 Machi

Sabato. Sikwenda kanisani. Barua ya Ochieng imeletwa na mtu wa Rongo. Amenipangia chumba kwa jirani yake Homa Bay. "Si nyumba yangu, Baba, kwa hiyo mila haijavunjwa." Kesho anakuja na gari. Mbwa atapelekwa kwa binamu anayeishi Sindo.

Kijana ana akili. Mimi ndiye niliyemfundisha kubishana. Nimekasirika mpaka nimehisi njaa.

Jumapili, 10 Machi

Alifika saa nne.

"Mwalimu, twende." Huniita Mwalimu akitaka kunishinda.

Nikasema nilidanganya. Si mila. Ni mbwa.

"Mbwa, Baba? Unamkataa daktari kwa ajili ya mbwa?"

"Daktari mwenyewe alisema hana dawa. Ana kitanda tu. Mimi nina kiti."

Akinyi akaziba mdomo kwa leso. Ochieng hakucheka.

"Watu watasema nimekutupa."

"Waseme," nikajibu.

Mbwa akatoka chini ya kiti, akidhani ameitwa. Akamnusa Ochieng viatu. Hapo hata yeye alishindwa kununa.

"Ukitaka kusaidia," Akinyi akamwambia mumewe, "lete dawa ya maumivu kila wiki. Gari si unalo?"

Aliondoka bila mimi. Nimeshinda. Sijutii neno hata moja nililomwambia.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua tangu alfajiri. Uji haupiti tena, maji tu kwa kijiko. Sauti imekwisha. Mkono bado unaandika. Akinyi yuko jikoni. Waseme ameweka kidevu juu ya mguu wangu.

Wanadhani nampenda sana. Sikuwahi kumpenda mbwa huyu.

Mke wangu alipougua, miaka mitatu iliyopita, alikataa katakata kwenda hospitali. Alitaka kubaki hapa na mbwa wake. Niliona aibu, mke wa mwalimu kufia nyumbani kama mke wa mtu asiyesoma. Nikamficha Waseme katika ghala la jirani, amefungwa kamba. Nikamwambia mke wangu mbwa amekufa.

Akaacha kubishana. Akapanda gari mwenyewe.

Aliishi siku kumi na moja wodini. Kila siku nilikwenda, nikaketi kando yake, nikanyamaza. Alikufa akimlilia mbwa aliyekuwa hai.