Gari Halitaki Kwenda Kikoneni

Mwabungo,
Machi 1954

Kwa shemeji yangu Waziri,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na watu wako wote, na mzee umpe shikamoo yangu. Sisi huku ni wazima wa viungo. Ya moyoni nitakueleza, kaa kitako.

Umeniuliza kwa nini dada yako Mwanapili hajafika huko Kikoneni, na habari ya kuwa anarudi kwenu mnayo tangu Ijumaa. Shemeji, yumo ndani ya gari. Gari liko uani. Haliwaki.

Kisa ni rangi ya kijani aliyoiweka kwa ajili ya milango ya nyumba. Mimi nikaona milango inaweza kungoja, nikalipaka gari langu kuukuu, nje na ndani mpaka chini ya boneti, likang'aa hata watu wa Gazi wakaja kulitazama. Yeye hakulitazama. Alifunga sanduku lake, akaketi kiti cha nyuma, akaniambia aliyemleta kwa gari atamrudisha kwa gari. Kwa miguu hatoki kama mtu aliyefukuzwa. Nikabonyeza kitufe cha stata kwa hasira. Kimya.

Unanijua. Nimeendesha malori ya jeshi hadi Burma, nikiyafungua na kuyafunga gizani. Shule niliiacha darasa la pili kwa kuwa hawakuwa na jipya la kunifunza. Lakini gari hili limeniadhiri. Betri niliipakia baiskelini hadi Ukunda ikatiwa chaji. Kurudi nayo, kimya. Nikaing'oa stata yenyewe, ile mota ya kuamsha injini, nikaiunga na betri pale mchangani, ikazunguka kama pia. Kuirudisha mahali pake, kimya. Na dada yako huko nyuma haniachi nipumue, mara aulize kama huko Burma nilipewa lori au punda. Jirani yetu Matano naye akaja kuchungulia, akanishauri nifuge kuku humo. Mwanapili akamjibu kwamba jogoo tayari yupo, ameshika spana.

Jumamosi jioni nikaupata ugonjwa. Kuna ule waya mnene unaotoka kwenye betri na kukazwa kwenye chuma cha gari. Nilipopaka rangi niliufungua, nikapaka hata pale unapokaa, kisha nikaukaza juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Nikakwangua mpaka chuma kikawa cheupe, nikakaza upya, nikajaribu alipokuwa kisimani. Likanguruma.

Sasa sikiliza, na hapa mzee usimsomee. Nililizima, na sikumwambia. Kila asubuhi nafungua boneti, nagongagonga, natukana nati, kwa sababu akishafika kwenu hatarudi, na mimi nyumba hii bila yeye siiwezi. Hilo lori unalotaka kuja nalo kumchukua, nakuomba nalo liugue.

Ila jana nilipotoka msikitini adhuhuri, gari likiwa kivulini na ufunguo palepale ninapouacha, niliweka mkono kwenye boneti. Ya moto, moto wa injini si wa jua. Dada yako ameketi kiti kilekile cha nyuma, sanduku mapajani. Akaniuliza kama nimeupata ubovu. Nikamwambia bado. Akasema basi niendelee kutafuta, ila kwanza nikale, samaki wa nazi anapoa.

Wasalimie wote, wakubwa na wadogo. Mwanapili naye anawasalimu, kutoka garini.

Ni mimi shemeji yako,
Mbwana, fundi