Njia ya Mkato ya Kuhifadhi Barua

4 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Mimi mzima kama chuma. Kikohozi kimekuachia? Sikia, kama kuna mtu ana bahati kunizidi, basi hajazaliwa. Mimi wa kuishia darasa la saba ndiye fundi wa kompyuta ofisi nzima! Makarani thelathini walikuwa wakihangaika kupeleka barua kwenye seva, ile kompyuta kubwa ya mbali inayotunza kila kitu. Nikamwekea kila mmoja njia ya mkato: bofya mara moja, barua imefika. Tajiri ananiita Profesa. Hata chumba kanipa humuhumu ofisini.

Kaka yako

19 Februari

Shikamoo kaka,

Kikohozi kimekwisha. Barua yako nimeisoma mpaka imechanika mikunjo. Nimemwendea wakala aliyekupeleka huko ng'ambo. Anasema tajiri wako anatafuta karani mwingine. Nikunje mashuka ya hospitali mpaka lini? Niambie neno moja tu: nije?

Mdogo wako

11 Machi

Mdogo wangu,

Natumai u mzima. Kazi zimenibana, tajiri bila mimi hajiwezi. Lakini baridi ya huku utaiweza wewe? Mashuka nayo ni kazi.

Kaka yako

24 Machi

Shikamoo kaka,

Afya yako? Nimekuuliza kuja, unanijibu baridi. Au umekuwa mkubwa, unaona haya kuwa na ndugu? Barua ya kuacha kazi ninayo kwenye pochi. Tarehe kumi naipeleka. Ukinyamaza, nitajua umekubali.

Mdogo wako

2 Aprili

Mdogo wangu,

Hiyo barua ichane kwanza, salamu baadaye.

Njia zote thelathini nilizielekeza kwenye folda moja. Makarani nao kila barua wanaiita "Barua mpya". Kompyuta ikiuliza ifute ya zamani, wanabofya ndiyo, maana niliwafundisha wabofye ndiyo tu. Kazi ya miezi miwili ikabaki barua moja, ya mtu anayeomba ruhusa akang'oe jino. Nilicheka. Tajiri hakucheka. Alifungia pasipoti yangu kabatini, akasema, "Profesa, hutoki humu mpaka uziandike zote upya."

Naziandika stoo, kutoka nakala za karatasi. Mlango unafungwa kwa nje. Barua zangu anazitoa mama msafishaji, kwenye ndoo. Juzi wameingiza meza ya pili. Karani anayetafutwa ni wa kukaa hapo.

Nilipokuandikia ile barua ya kwanza nilikuwa nimeshafungiwa wiki ya tatu. Bahati sina. Nilikudanganya.

Kaka yako