Faili Lako Tulilolichoma

Mdogo wangu Shabani,

Niwie radhi kwa kimya changu. Tangu tulipokuzika kule Mwera sijakuandikia hata mstari mmoja, nami ndiye niliyekuwa nikikugombeza kwa kutojibu barua. Kwa desturi wewe ndiye ungetangulia kuniamkia. Basi, marahaba.

Ninakuota mara kwa mara. Tumo ndani ya pantoni tunavuka kwenda Bweni, na mto umetulia kama uliosahau njia ya baharini. Unazungumza, midomo inacheza, lakini sauti haifiki. Abiria wote wanakuelewa na kucheka. Ni mimi peke yangu nisiyesikia. Ninaamka mchana mkekani, shavu lina alama za ukili, na kwa kitambo sijui nani kati yetu yuko hai.

Lililonishikisha kalamu ni hili. Mwanangu Hamisi, yule uliyemfundisha kukwea mnazi, anaumwa figo. Asubuhi huamka macho yamevimba, na mkojo wake hufanana na chai ya rangi. Alitibiwa kichocho, kisha maambukizi ya njia ya mkojo, kisha tukaambiwa ni husuda, akavishwa hirizi. Kama wewe, hatua kwa hatua. Mwishowe tukafika kwa daktari wa figo mjini Tanga, binti mpole. Nilipomgusia habari zako, akaniuliza, "Mama, mjomba wake alikufa kwa maradhi gani? Makaratasi yake yapo?"

Shabani, hayapo. Unajua mambo ya kwetu: arobaini ilipokwisha tuligawa nguo zako, na faili la hospitali tukalichoma nyuma ya jiko ili ugonjwa usibaki nyumbani. Mimi ndiye niliyewasha kibiriti. Vipimo vyote vile, safari zote zile, vikawa moshi juu ya minazi.

Daktari hakunilaumu. Alisema wenzake wa Dar es Salaam na wa ng'ambo, anaozungumza nao kwa kompyuta, wana shida ileile: maradhi haya ni nadra, wagonjwa wametawanyika, na kila daktari ameshika kipande tu cha habari. Kisha akauliza jambo lililonishangaza: "Marehemu alikuwa anasikia vizuri?"

Niliona darasa la tano, wewe dawati la nyuma, mimi mwalimu wako. Nimekuita mara tatu. Wenzako wanacheka: "Shabani kaenda Pemba huyo!" Nikakuchapa fimbo mbili kwa kiburi chako. Hukulia. Ulisema tu, "Dada, sikusikia." Nikakuongeza ya tatu kwa kuniita dada darasani.

Figo na masikio, kumbe ugonjwa mmoja. Nisamehe, ndugu yangu. Nilimweleza daktari yote, hata fimbo, naye akaandika bila kunitazama. Alisema huenda ni ugonjwa wa ukoo, na huenda mimi mwenyewe ninaubeba. Hamisi naye siku hizi hasikii vizuri. Nilidhani ni kelele za pikipiki yake.

Ili wapate hakika, wanataka kuchukua kwa sindano kinyama kidogo cha figo yake wakipime Dar es Salaam. Dawa ya kuponya hakuna. Ipo ya kuchelewesha, nayo hufaa zaidi ikianzwa mapema. Hamisi anaogopa. "Mjomba walimtoboa, mama, halafu tukamzika." Nilimwambia kwamba wewe walikutoboa figo zimekwisha kufa, na zake bado zinafanya kazi. Akatazama chini.

Zamani ningemwamuru, na angetii. Safari hii nilihamia upande wa sikio lake lenye nafuu, nikamweleza taratibu, kisha nikamwachia. Mwili ni wake. Amesema atatoa jibu Ijumaa, baada ya swala. Tangu hapo ninapika, ninafagia, ninasahihisha hata magazeti ya zamani, na siku haziendi.

Mola akulaze pema, Shabani. Hamisi akishaamua, akubali au akatae, nitaketi hapahapa dirishani na kukuandikia siku hiyohiyo.

Dada yako,
Mwanahawa