Sakafu Inamsubiri Elitsa

Kijiji cha Dolno Kamenovo,
Nyumba ya mwisho kabla ya makaburi,
19 Mei 2019.

Mpendwa mwanangu Tsvetan,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako, ambaye mpaka anaandika mstari huu ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, nalo tumeshazoeana. Natumaini wewe na Mariela na watoto hamjambo huko Chicago, na kwamba mgongo wako unakivumilia kiti cha lori. Je, Boyan ameacha kutafuna kucha? Na Elitsa, jino lake la mbele limeota? Nijibu hayo kwanza kabla hujakasirika, maana najua utakasirika.

Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Barua haikatizwi. Isome mpaka mwisho, kisha ndipo upige simu na kelele zako.

Huku mvua imenyesha vizuri. Cheri zimeanza kuwa nyekundu na ndege wanazila kuliko mimi. Sikukuu ya Mtakatifu Georgi tulichoma mwanakondoo mmoja kwa kijiji kizima na nyama ikabaki, kwa sababu sasa tuko watu kumi na saba tu. Ile karatasi yenye picha ya baba yako tuliyobandika mlangoni alipotimiza miaka mitatu tangu afariki bado ipo, ila jua limemfuta masharubu. Nitabandika nyingine.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Zile karatasi za kuuza nyumba ulizonitumia zilifika. Ziko juu ya kabati, chini ya chupa ya pilipili za siki, na hazina sahihi yangu. Yule Mwingereza anayetaka kuinunua naye alikuja mwezi wa Machi na mkalimani wake na mbwa wake. Ni mtu mwema, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Alizunguka ua mzima, akafika pale lilipokuwa banda la tumbaku la baba yako, akatanua mikono kama anayepima shuka na kusema maneno. Mkalimani akaniambia, "Anasema hapa ndipo atakapochimba bwawa la kuogelea."

Nilimpa kahawa, akaenda zake. Mimi nilikaa kwenye ngazi mpaka kahawa yangu ikapoa. Nilikuwa nakumbuka kiangazi cha mwaka juzi mlipokuja. Mlisema mtakaa wiki tatu. Siku ya pili Elitsa alisimama katikati ya ua, uso mwekundu kwa jua, nzi wamemjaa, akaniuliza, "Bibi, maji yako yako wapi?" Nikamwonyesha kisima. Akakitazama, akanitazama, akaenda kukaa ndani ya gari lenu mliloliwasha lipoe kwa kiyoyozi. Siku ya nne mkahamia hotelini, kule pwani, penye bwawa. Sikuwalaumu wakati ule na siwalaumu leo. Ila tangu siku hiyo umekuwa ukiniambia, "Mama, watoto hawana cha kufanya huko, nyumba ya nini?" Na mimi nilikuwa sina jibu.

Jibu nililipata kwenye mikono ya Mwingereza. Kama mtu asiyenijua anaona bwawa katika ua wangu, mimi niliyezaliwa hapa macho yangu yalikuwa wapi? Kesho yake niliuza trekta la baba yako. Usishtuke, lilikuwa halitembei, lilikuwa linalaza kuku. Keshokutwa yake nikamwita Rangel.

Rangel unamkumbuka, fundi mwashi, yule aliyejenga mnara wa kengele na akaanguka kutoka humo akiimba. Sasa ana miaka sabini na minne na anasikia kwa sikio moja. Nikamwambia nataka sehemu ya watoto kuogea, ndefu, ya zege, yenye kuzuia maji. Akasema, "Dada Nedyalka, hizo nimejenga tatu wakati wa ushirika. Mpaka leo hazivuji." Nilifurahi. Nikampa ufunguo wa ghala, nikaenda mjini siku tano kutibiwa goti.

Niliporudi nilikuta kuta zimesimama. Tsvetan, zilikuwa nzuri, zimenyooka kwa timazi, huwezi kuona kosa. Lakini upana wake ulikuwa mita moja. Upande mmoja ulishuka ghafla kama shimo la choo, katikati palikuwa na kina cha kumfunika mtu, na upande wa pili palikuwa na ngazi ndogondogo za kupandia.

"Rangel," nikamwambia, "hiki ni nini?"

"Ulichotaka. Wanaingia huku, wanazama, wanatokea kule, safi. Kondoo mia mbili kwa saa."

"Hili ni josho."

"Sasa ulidhani nimejenga nini tatu wakati wa ushirika?"

"Wajukuu wangu si kondoo!"

"Na mimi sijasema ni kondoo. Nimesema watatoka safi."

Jirani yetu Gina, ambaye siku hizi anamenyea viazi vyake vyote kwenye uzio ili asipitwe na kitu, alicheka mpaka kisu kikamwangukia ndani ya ndoo. Ilibidi tumwite binti wa tarishi aje na simu yake amwonyeshe Rangel picha za mabwawa. Alizitazama moja baada ya nyingine, kofia mkononi, kama yuko kanisani. Mwishowe akasema, "Kumbe watu wanakaa humo humo, hawapiti." Akachukua nyundo kubwa, akabomoa ukuta mmoja kwa mkono wake mwenyewe na hakutaka nimlipe siku hizo. Kuanzia hapo tukaenda vizuri.

Kijijini, bila shaka, nimekuwa mchezo wa kuigiza. Wazee wanaokaa mbele ya duka wameniita Admirali. Jana tu Vasko wa kinu ameniuliza, mbele za watu, "Admirali, meli inatia nanga lini?" Nikamjibu, "Ikifika utakuwa wa kwanza kupanda, Vasko, maana ndiwe mwenye shida ya kuoga." Wakacheka wenzake, naye akacheka. Lakini leo asubuhi huyo huyo Vasko amekuja na toroli lake na kubeba kokoto mpaka adhuhuri. Nimempa glasi mbili za rakia, pombe yetu ya matunda, na maziwa ya mgando. Hawa watu wananidhihaki, mwanangu, lakini hakuna asiyeuliza kila siku kama watoto watakuja. Miaka sita sasa, ukiacha zile siku zenu chache, hakuna mtoto aliyepiga kelele kijijini hapa.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo penye kazi yako.

Wiki iliyopita ilikuwa zamu ya sakafu. Rangel hamwagi zege bila jogoo kuchinjwa kwenye msingi, hilo halina mjadala naye. Nikampa yule mwekundu aliyekuwa akimdonoa Elitsa miguuni. Damu ikaenda kwenye pembe nne, nyama ikaenda kwenye supu. Mwambie Elitsa kwamba deni lake limelipwa. Upande wa kina tulimaliza siku hiyo hiyo.

Ukabaki upande wa watoto, na Rangel akataka kujua uwe na kina gani. Nikampeleka kwenye mlango wa jiko la nje. Unaukumbuka mwimo ule. Alama zako zote zipo, zile baba yako alizokata kwa kisu kila siku yako ya kuzaliwa, mpaka ile ya juu kabisa, ya mwaka uliopanda ndege. Chini yake zipo za Boyan na Elitsa, za mwaka juzi, nilizochora kwa kalamu kwa sababu kisu sikukiona. Rangel akatoa kamba mfukoni, akaweka ncha moja sakafuni na nyingine kwenye alama ya Elitsa, akakata, akaanza kutembea nayo kuelekea shimoni.

Gina akapiga ukelele ambao hata sikio bovu la Rangel liliusikia. "Weka chini hiyo kamba! Unataka kumzika mtoto?"

Wewe umekulia hapa, lakini pengine umesahau. Zamani mafundi waliotaka ukuta wao udumu walimvizia mpita njia, wakapima kivuli chake kwa kamba na kuifukia kamba ndani ya msingi. Ukuta ulisimama. Mwenye kivuli hakumaliza siku arobaini. Ndiyo maana kipimo cha mtu aliye hai hakibebwi kwa kamba kwenda kwenye ujenzi. Rangel alijua hilo kuliko sisi sote, alisahau tu kwa uzee. Aligeuka mweupe kama chokaa. Mimi si mshirikina, lakini niliichukua ile kamba na kuitia motoni kwa mkono wangu.

"Sasa nitajuaje?" akauliza Rangel. "Na hata hivyo, alama hiyo ni ya mwaka juzi. Mtoto hajakaa akikusubiri. Leo ana urefu gani?"

Niliingia ndani nikalia, Tsvetan, nakuambia wazi. Najua urefu wa kila mche wa nyanya ulioko nyuma ya nyumba hii, na sijui kichwa cha mjukuu wangu kinanifika wapi. Nililia kidogo, nikanawa, nikatoka na uamuzi.

Usinitumie namba kwa simu. Namba ninazo za kutosha: ya ndege, ya saa za huko, ya miaka. Nimemwambia Rangel sakafu ya upande wa watoto asiimwage. Udongo ubaki udongo mpaka Elitsa asimame pale kwa miguu yake mwenyewe, na Boyan kando yake, ndipo fundi aangalie kwa macho na kuamua. Rangel amekubali. Anasema zege likimwagwa litataka wiki nzima kukauka na siku mbili za kujaza maji, kwa hiyo wanaokuja kwa siku nne wasije. Hayo ni maneno yake, nami nayaunga mkono.

Nawasubiri mfike tarehe ishirini Julai. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, na mimi nimeshavua. Nakuwekea ahadi mbele ya Mungu na mbele ya Gina, ambaye ananichungulia ninavyoandika. Mkija, mkikaa, na watoto wakiingia humo na bado wakatamani kuondoka, nitateremsha zile karatasi kabatini na kuweka sahihi bila manung'uniko, na Mwingereza atapata bwawa lake limekwisha. Lakini sitaweka sahihi kwa neno la simu. Nyumba hii ataniondoa humo mtoto aliyeichoka, si mtoto asiyeijua.

Usiniambie habari za likizo za kazini. Baba yako alikuwa na ng'ombe na tumbaku na alipata siku ya kukufundisha kuendesha baiskeli.

Mwambie Mariela nampenda na simlaumu kwa ile hoteli, joto lilikuwa kali kweli. Namwomba aninunulie nguo ya kuogelea ya mwanamke mnene wa miaka sabini na mbili. Iwe nyeusi, maana bado navaa nyeusi kwa ajili ya baba yako, na maji hayabadilishi hilo. Kipimo nitamtajia kwa mdomo, asitafute kamba.

Msalimie dada yako Iskra ukimpigia huko Toronto, umwambie mto wake wa manyoya nimeufua. Msalimie na mama mkwe wako, nimemwekea rakia ya cheri, hapana, ya plamu, goti linanichanganya hata kalamu. Rangel anakusalimu, anasema ana kosa la josho ambalo atakusimulia mwenyewe, ujifanye hujasikia. Gina naye anakusalimu na anauliza kama mwanao bado anatafuna kucha zake, maana ana dawa ya kupaka, chungu kama shubiri.

Neno la mwisho, la Elitsa, umsomee polepole, kwa lugha yetu, asipoelewa umrudilie. Mwambie maji ya bibi sasa yana mahali pake. Upande wa kina hatukuupima kwa kamba wala kwa kivuli. Niliteremka mwenyewe kwa ngazi, nikasimama chini shimoni na viatu vyangu vya mpira, Rangel akachora mstari wa maji usawa wa kidevu changu. Nilitaka hivyo. Asiogope kuruka, kwa sababu kila atakaporuka nitakuwa humo. Kuogelea sijui, lakini kusimama najua.

Mungu awalinde barabarani na angani, na Mtakatifu Nikola, mwenye maji yote, awalete salama mpaka mlango wa jiko la nje, maana kisu cha baba yako cha kukatia alama nimekwishakiona.

Akupendaye na anayekusubiri,
mama yako,
Nedyalka.