Karatasi za Kumpima Mama Kumbukumbu

Gisenyi, 1999

Mpendwa yaya Vestine, dada yangu mkubwa,

Picha yako iko ukutani, mbele ya kiti cha mama: wewe na koti jeupe, pembeni ya ile mashine ya Brussels inayopiga picha ubongo wa mtu akiwa anafikiri. Kila asubuhi mama anaisalimia kabla hajanisalimia mimi. Nina wivu, dada yangu. Afadhali niseme kuliko niugue.

Unakumbuka siku mama aliponunua kichwa cha ng'ombe? Uliutoa ubongo ukaupasua kwa kisu cha jikoni, nami nimekaa na sahani yangu nasubiri kula. Ukasema, "We ngoja, niangalie kwanza mawazo iko wapi." Ulipomaliza kuangalia, hamu ilikuwa imeniisha. Mama alicheka mpaka akakaa chini, akakupa wewe pande kubwa. Mimi niliyewasha moto nikapewa mchuzi.

Alipoanza kusahau, ulinitumia karatasi zenu za utafiti. Nimsomee maneno, ningoje nusu saa, nimwulize tena. Piano, theluji, treni, tai. Hakukumbuka hata moja.

"Hii vitu mi siuzishake ku soko," alisema. "Nitaikumbuka juu ya nini?"

Wewe na wataalamu wako wote wa ubongo mlisahau kwamba huyu ni mwanamke aliyevuka mpaka kwenda Goma maisha yake yote, kikapu kichwani, akiuza. Nikabadilisha maneno: maharage ya Kanama, viazi vya Mudende, chumvi, sabuni. Akayataja yote, pamoja na majina ya wateja. Ukaniandikia kwamba maprofesa wako wamekupongeza kwa wazo hilo. Lilikuwa wazo langu, yaya!

Lakini siyo hilo linaloniuma zaidi. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mimi ndiye ninayempondea ndizi na kumlisha kijiko kwa kijiko. Juzi nilikuwa nimemshika mkono tunakwenda uani, akaniambia, "Vestine, we uko mutoto muzuri. Ule mwingine alienda Ulaya, alitusahau." Nikaitika. Ningefanya nini?

Karatasi ya mwisho ilimwuliza nani anamtunza. Uliandika kwamba ulilia kwa furaha kuona mama bado ananijua. Usilie. Jibu lile nililijaza mimi. Mama alisema Vestine mara zote tatu nilizomwuliza, na mara ya tatu alinikasirikia.

Najua utafiti wenu hautaki uongo. Lifute jina langu, uandike lako. Mimi nilishika kalamu nilifute kabla ya kutuma, mkono ukakataa.

Ubaki salama huko kwenye baridi.

Mdogo wako,
anayeitika kwa jina lako